Ustadh Bade Ghulam Ali Khan: Sauti Tuliyoisikia Bila ya Kumjua Mwenyewe

Ukiwauliza wapenzi wa filamu za Kihindi hapa Pwani, hasa wale waliokuwa vijana katika miaka ya 1960, watakutajia Mughal-e-Azam kabla hujamaliza swali. Watakueleza mapenzi ya Mwanamfalme Salim na Anarkali, ukali wa Mfalme Akbar, uzuri wa Madhubala na utulivu wa Dilip Kumar. Watakukumbusha pia lile tukio la usiku bustanini, Salim anapompitishia Anarkali unyoya usoni bila ya yeyote kati yao kusema neno. Kimya chao kinajazwa na sauti ya mwanamume anayeimba kutoka mbali. Katika hadithi, sauti hiyo ni ya Tansen, mwimbaji mkuu wa Mfalme Akbar. Lakini Tansen alikufa zaidi ya karne nne zilizopita. Aliyeimba hasa ni Ustadh Bade Ghulam Ali Khan, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Nina sababu mbili za kumleta ukumbini. Ya kwanza ni kwamba sisi watu wa Pwani tumezila sana nyimbo za Kihindi, lakini mpishi hatukumjua. Taarabu ya Mombasa imechota mahadhi kutoka India kwa miaka mingi. Marehemu Juma Bhalo alituimbia mashairi mazito ya Kiswahili, mengi yao yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, juu ya mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi, na hakuna aliyehisi kuwa ni kitu cha kigeni. Watunzi wa muziki wa filamu hizo nao walikuwa wakichota kwa mabingwa wa fani ya kale. Kwa hivyo ukifuata mto kwenda juu kutoka kwenye harusi ya Mji wa Kale, unaweza kufika katika nyumba za akina Ghulam Ali Khan. Sababu ya pili ni maisha yake yenyewe. Yanagusa mambo mawili yanayotuuma hapa kwetu: thamani tunayompa mwenye fani angali hai, na swali la nani anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Kwanza tuliweke sawa jina. Ghulam ni lile lile neno ghulamu tunalolikuta katika mashairi yetu ya zamani kwa maana ya kijana, na kule India lina maana ya mtumishi pia. Ghulam Ali basi ni mtumishi wa Ali. Bade ni neno la Kihindi lenye maana ya mkubwa. Aliitwa mkubwa ili atofautishwe na wengine wenye jina hilo. Yuko Ghulam Ali wa Pakistani, mwimbaji wa ghazali aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye wapenzi wa ghazali hapa kwetu wanamjua vizuri. Huyo alipewa jina la mkubwa huyu kwa sababu babake alikuwa akimpenda sana, na baadaye akawa mwanafunzi wake na wa ndugu zake. Tusiwachanganye.

Bade Ghulam Ali Khan alizaliwa tarehe 2 Aprili 1902 katika mji wa Kasur, kusini ya Lahore, katika jimbo la Punjab. Wakati ule Punjab yote ilikuwa chini ya Uingereza. Kasur ni mji unaojulikana kwa kaburi la Bulleh Shah, sufi na mshairi ambaye tungo zake huimbwa mpaka leo. Mtoto aliyezaliwa pale alikuwa akisikia mashairi yakiimbwa kabla hajajua kusoma. Na huyu alizaliwa katika nyumba ambayo kuimba ndiyo iliyokuwa kazi. Babake, Ali Baksh Khan, alikuwa mwanamuziki. Amiye, Kale Khan, alikuwa mwimbaji mwenye sifa kubwa. Nduguye Barkat Ali Khan naye alikuja kuwa bingwa wa thumri na ghazali.

Kule India fani hii hurithiwa kwa nyumba. Huita gharana, neno linalotokana na ghar, yaani nyumba. Kila gharana ina namna yake ya kutoa sauti, ya kuanza wimbo, ya kukimbiza noti, na siri zake ambazo mwalimu hampi kila anayebisha hodi. Ali Baksh na Kale Khan walitoka katika nyumba ya Patiala, iliyokuwa na jina la dola ndogo ya kifalme ndani ya Punjab. Waasisi wake wawili waliimba pamoja, na sifa zao zilifika mpaka wakaitwa kwa vyeo vya kijeshi, mmoja jenerali na mwenziwe kanali. Hao ndio waliokuwa masheikh wa fani kwa babake na amiye.

Ghulam Ali alianza kufunzwa na amiye akiwa bado mtoto mdogo. Kale Khan alipofariki, aliendelea kwa babake. Mafunzo yenyewe huitwa riyaz. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa neno letu riadha. Hilo linatuonyesha jinsi wanavyoliangalia jambo hili. Mwimbaji huamka alfajiri kufanya mazoezi ya koo kama mkimbiaji anavyofanya mazoezi ya miguu, siku baada ya siku, miaka baada ya miaka. Anaweza kukaa na noti moja mpaka iwe safi. Inasimuliwa kuwa Ghulam Ali alikuwa na mazoezi ya saa nyingi mchana na usiku, na kwamba hakuacha mazoezi hata baada ya kuwa na jina.

Kipaji na mazoezi hayakumtosha kuishi. Katika ujana wake alipata riziki kwa kupiga sarangi. Hiki ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa uta kama fidla, lakini husimamishwa mapajani, na nyuzi haziguswi kwa ncha za vidole bali kwa kucha. Ni chombo kigumu sana kukijua na kinaigiza sauti ya binadamu kuliko chombo kingine chochote cha kule. Ubaya wake ni kuwa mpiga sarangi alikaa nyuma ya mwimbaji, na kwa kuwa chombo hicho kilitumika sana katika nyumba za waimbaji wa kike waliotumbuiza matajiri, watu wa heshima walikidharau pamoja na mpigaji. Watu walifurahia sauti yake usiku, na asubuhi hawakutaka kuonekana naye. Jambo hili si geni kwetu. Nasi tunawatunza waimbaji wa taarabu pesa mbele za watu, kisha mmoja wao akija kuposa binti yetu tunaanza kuulizana maswali.

Ghulam Ali alitoka nyuma akaja mbele. Alianza kwa kuimba tungo za marehemu amiye, halafu zake mwenyewe, na sarangi haikupotea. Walioijua fani walisema kuwa wepesi wa koo lake, jinsi lilivyoteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila ya kukwaruza, ulitokana na ile miaka ya kushika uta. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa akialikwa katika mikutano mikubwa ya muziki ya Calcutta na Bombay, na wengi walimhesabu kuwa mfalme asiye na taji wa uimbaji wa kale wa India ya kaskazini.

Hapa inafaa nieleze kidogo huo uimbaji wenyewe, maana wengi tunausikia kama kelele ndefu isiyo na mwisho. Msingi wake ni raga. Raga si wimbo, wala si mahadhi yaliyokwisha kutungwa. Ni mpango wa noti chache zenye sharti lao: noti zipi zitumike wakati wa kupanda, zipi wakati wa kushuka, ipi ikaliwe sana, ipi iguswe tu. Raga nyingi zina saa zake pia. Iko ya alfajiri, ya magharibi, ya usiku wa manane, na iko ya msimu wa mvua. Mwimbaji akishaichagua raga, hutunga palepale mbele ya watu, lakini haruhusiwi kutoka nje ya sharti. Mswahili hapaswi kuona ajabu. Mshairi wetu naye hufungwa na vina na mizani, na ubingwa wake huonekana katika uhuru anaoupata ndani ya kifungo hicho. Malenga wawili wanaojibizana papo hapo, bila ya kuvunja vina, wanafanya jambo linalokaribiana sana na lile alilokuwa akilifanya Bade Ghulam Ali Khan.

Namna kuu ya uimbaji wake ilikuwa khayal, neno la Kiarabu lenye maana ya fikira au taswira ya moyoni. Maneno huwa machache, pengine mistari miwili au mitatu, na mwimbaji huigeuzageuza kwa muda mrefu. Wengi wa wakati wake walijisifu kwa urefu. Walianza polepole, wakakaa na noti moja moja, na raga moja ikachukua saa nzima au zaidi. Yeye hakufuata njia hiyo. Alikubali kwamba uzuri wa fani uko katika utulivu, lakini aliona kuwa msikilizaji wa kawaida, aliyekuja baada ya kazi, hachukui urefu huo. Kwa hivyo alifupisha. Alitoa kiini cha raga, akaonyesha uzuri wake, akaondoka watu wakiwa bado na hamu. Walikuwapo waliomlaumu kuwa anawapendeza watu. Mimi naona alikuwa akiwaheshimu.

Sauti yenyewe ilikuwa ya ajabu ukilinganisha na mwili wake. Alikuwa mtu mkubwa, mnene, mwenye masharubu mazito, na mpenda chakula ambaye visa vya sinia zake bado vinasimuliwa. Ukimwona ungetazamia sauti ya ngurumo. Aliweza kunguruma, ndiyo, na alipanda na kushuka madaraja matatu ya sauti bila ya kuonyesha taabu. Lakini pia aliweza kuifanya sauti iwe laini kama ya mama anayembembeleza mtoto. Mapajani aliweka surmandal, mfano wa ganuni ndogo, akizigusa nyuzi zake huku akiimba. Alikuwa hodari pia wa kuimba majina ya noti zenyewe, sa, re, ga, ma na kuendelea, kwa kasi ambayo sikio lilishindwa kuifuata.

Na hakuishia kwenye khayal. Aliipandisha daraja thumri, aina ya wimbo mwepesi wa mapenzi na kuagana ambao wakubwa wa fani waliuona mdogo. Aliuimba kwa lafudhi ya Punjab, akautia ladha za nyimbo za mashamba na milima ya kwao, na watu wasiojua lolote kuhusu raga wakalia. Yaad Piya Ki Aaye ni mojawapo ya thumri zake, na mpaka leo waimbaji vijana wa kule huiimba kwa kujipima naye. Tungo zake alizitia jina la kishairi la Sabrang. Sab ni zote, na rang ni hili hili neno letu rangi. Alijiita Rangi Zote. Kutia jina ndani ya utungo si jambo geni kwetu, maana washairi wetu nao hujitaja katika beti za mwisho.

Jina hilo lilimfaa kwa njia nyingine pia. Yeye alikuwa Mwislamu, mtoto wa Waislamu, na miongoni mwa nyimbo zake zilizopendwa sana ni Hari Om Tatsat, wimbo wa ibada ya Kihindu. Kwao hilo halikuwa jambo la kushangaza. Kwa karne nyingi nyumba za waimbaji Waislamu wa India ya kaskazini ndizo zilizohifadhi tungo zenye kumtaja Krishna, na mabwana wa Kihindu ndio waliowalisha mabingwa hao Waislamu katika majumba yao ya kifalme. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya hilo, na ni haki yake. Mimi nasimulia jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu bila ya kulijua hilo hatutaelewa kilichompata mwaka 1947.

Mwaka huo Waingereza waliondoka na nchi ikagawanywa. Punjab ilipasuliwa katikati. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, Waislamu wakienda upande mmoja, Wahindu na Masingasinga upande mwingine, na damu nyingi ilimwagika njiani. Kasur, mji alikozaliwa Ghulam Ali Khan, uliangukia Pakistani, karibu kabisa na mpaka mpya. Patiala, iliyoipa nyumba yake ya fani jina, ikabaki India. Wasikilizaji wake wakubwa wa Bombay na Calcutta walibaki India pia. Mtu wa miaka 45, aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, alijikuta nyumba yake ya kuzaliwa na nyumba yake ya fani ziko katika nchi mbili zenye uhasama.

Alibaki kwao, Pakistani. Ndiko kulikokuwa na jamaa zake, na ndiyo nchi iliyosemekana kuwa ya watu wa dini yake. Lakini maisha ya fani yalikuwa magumu. Katika taifa jipya walikuwapo wengi waliouona muziki huu wa kale, wenye raga na majina ya Kihindu, kuwa ni mzigo wa upande wa pili. Wasikilizaji walikuwa wachache na wenye vyeo hawakumpa nafasi aliyostahili. Baada ya miaka kadhaa alichukua uamuzi ambao si wengi waliouchukua. Wakati Waislamu walikuwa wakitoka India kwenda Pakistani, yeye alitoka Pakistani kurudi India.

Na hapo ndipo lilipokuja suala la karatasi. Sauti yake ilijulikana India nzima. Ilikuwa kwenye santuri na kwenye redio. Lakini kisheria alikuwa raia wa nchi nyingine, tena nchi iliyohesabiwa adui. Uraia wa India aliupata mwaka 1957, kwa msaada wa Morarji Desai, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kubwa katika jimbo la Bombay miaka hiyo na ambaye baadaye, mwaka 1977, alikuwa Waziri Mkuu wa India. Alipewa pia nyumba ya kukaa Malabar Hill, mtaa wa wakubwa mjini Bombay.

Kila nikifika hapa katika maisha yake huwa nasimama. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja, nikiulizwa babu wa babu yangu alizaliwa wapi na nina karatasi gani ya kuthibitisha. Najua wengi mnaosoma mmekaa kwenye mabenchi ya aina hiyo, na watoto wenu pia, kwa sababu tu ya majina yenu. Kwa hivyo tunaelewa ladha yake kuliko wasomaji wengi. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa imeingia katika kila nyumba alihitaji mkono wa mkubwa wa serikali ili aambiwe kuwa ni wa pale. Je, waliokuwa na sifa kidogo kuliko yeye, wapiga sarangi wasiojulikana, walipata mkono wa nani? Historia haikuandika majina yao.

Kuhusu mgawanyiko huo, yako maneno yake ambayo husimuliwa sana. Aliona kwamba lau katika kila nyumba mtoto mmoja angefunzwa muziki huu, nchi isingegawanyika. Wengine watasema ni ndoto ya msanii, na kwamba siasa haiendeshwi kwa nyimbo. Mimi simwelewi kuwa alikuwa akiahidi miujiza. Alikuwa ametoka katika fani ambayo mwalimu Mwislamu hukaa chini na mwanafunzi Mhindu kwa miaka 10 au 15, wakila pamoja, mmoja akimkabidhi mwenziwe kitu alichokabidhiwa na wazee wake. Watu waliolelewa hivyo ni vigumu kuchomeana nyumba.

Turudi sasa kwenye filamu. Mwongozaji K. Asif alikuwa akitengeneza Mughal-e-Azam kwa gharama kubwa, na alitaka sauti ya Tansen iwe sauti ya kweli ya bingwa. Mtunzi wa muziki, Naushad Ali, alimtajia Bade Ghulam Ali Khan. Shida ni kuwa Ustadh hakutaka kabisa habari ya filamu. Inasimuliwa kuwa walipomwendea alikataa, na Asif alipozidi kung'ang'ania, Ustadh akaona amfukuze kwa adabu. Akataja bei ambayo hakuna mwenye akili angeikubali, rupia 25,000 kwa wimbo mmoja. Wakati huo hata waimbaji wakubwa wa filamu kama Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi walikuwa wakipata chini ya rupia 500 kwa wimbo. Asif alikubali papo hapo. Ustadh hakuwa na pa kutokea tena, akaimba nyimbo mbili, Prem Jogan Ban Ke katika raga ya Sohni, na Shubh Din Aayo katika raga ya Rageshri. Ile ya kwanza ndiyo ya usiku wa unyoya.

Kisa hiki watu hukisimulia kwa kicheko. Kwangu kina uzito. Kijana aliyeanza akikaa nyuma ya waimbaji na sarangi yake, akidharauliwa na watu wa heshima, alifika siku ambayo aliweza kuitajia fani yake bei, na bei ikalipwa. Hakuinuliwa kwa huruma ya mtu. Na bila ya mkaidi kama Asif aliyekuwa tayari kulipa, sisi huku Pwani pengine tusingeisikia sauti ile hata siku moja.

Mwaka 1962 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Sangeet Natak Akademi, chuo cha taifa cha muziki na tamthilia. Lakini mwili ulikuwa umeanza kumwangusha. Maradhi marefu yalimwacha amepooza upande mmoja. Kwa mwimbaji wa aina yake, ambaye mwili mzima ndio chombo, hilo lingekuwa mwisho. Yeye alirudi jukwaani. Mwanawe, Munawar Ali Khan, aliyemfunza mwenyewe, alikaa pembeni yake. Pumzi ya mzee ilipokatika, kijana aliushika wimbo, na mzee alipopata nguvu akaupokea tena. Waliendelea hivyo mpaka mwisho.

Miaka yake aliigawanya baina ya Lahore, Bombay, Calcutta na Hyderabad, na mwisho ulimkuta Hyderabad, akiwa mgeni katika jumba la Basheerbagh. Alifariki Aprili 1968, akiwa na umri wa miaka 66. Amezikwa mjini humo, katika makaburi ya Daira Mir Momin, mbali sana na Kasur. Munawar Ali Khan aliendelea na fani mpaka alipofariki mwaka 1989, na mmoja wa wanafunzi wake, Ajoy Chakrabarty, ambaye ni Mhindu wa Bengal, amekuwa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa India. Upande wa pili wa mpaka, Ghulam Ali wa ghazali alilichukua jina na mafunzo. Nyumba ya Patiala basi inaendelea pande zote mbili, ijapokuwa serikali zao hazisemezani vizuri.

Sasa nirudi kwetu, maana sikuandika haya ili tuwasifu Wahindi tu. Pwani hii ina mabingwa wake. Tunao malenga, mafundi wa udi na wa taishokoto, waimbaji ambao sauti zao tulioa nazo na kuozesha nazo. Wangapi tuliwauguza walipougua? Wangapi walikufa na kaseti zao zikabaki kuliwa na ukungu chini ya vitanda? Huwa tunangoja mtu afe, kisha tunajaza mitandao kwa rambirambi. Bade Ghulam Ali Khan alipata mtu wa kumtetea apate karatasi, nyumba ya kulala, mlipaji aliyekubali bei yake, na mtoto aliyekubali kukaa pembeni yake na kujifunza. Vitu hivyo vinne ndivyo vilivyoifanya sauti yake itufikie. Kipaji peke yake kingeishia Kasur.

Hatuna haja ya kungoja serikali ya kaunti wala wafadhili ili tuanze. Kwenye mtaa wako yuko mzee mmoja anayejua kitu ambacho hakijaandikwa. Mwendee angali hai. Mrekodi kwa simu uliyonayo mfukoni, na umlipe, usimwambie unamsaidia. Na katika watoto wako wote waendao shule na madrasa, mchague mmoja mwenye sikio, umpeleke kwa mzee huyo akafunzwe. Ustadh aliona mtoto mmoja kwa kila nyumba angetosha. Sisi tuanze na mtoto mmoja kwa kila mtaa.